Wanatafuta watu wazima wasio na kansa wawachome dawa ya mionzi kujaribu kipimo cha kansa. Kwa nini wasianze na wagonjwa?

#1 Mzee Mkwaju
Wakuu salama. Nipo Uingereza, naendesha basi. Pale ninapochukulia dawa zangu za presha nimekuta tangazo ukutani: wanatafutwa watu wenye afya njema, umri miaka 50 kwenda juu, kwa jaribio la kwanza kwa binadamu la dawa mpya ya picha ya kutafuta saratani. Unachomwa sindano moja ya mshipa, dawa ina mionzi kidogo, halafu unalazwa kwenye mashine ya PET, ile inayopiga picha mahali dawa yenye mionzi ilipokwenda mwilini, mara kadhaa siku hiyohiyo. Katikati wanakutoa damu na kukusanya mkojo wako wote. Nauli wanarudisha na kuna fidia ya muda.

Sasa kinachonitatiza: dawa kazi yake ni kutafuta kansa. Mimi kansa sina, kwa ninavyojua. Wanatafuta nini kwangu? Na kwa nini miaka 50 kwenda juu, wakati kila mahali pengine wanataka vijana? Wenye ujuzi mje.

#2 Panya Buku
Nimewahi siti ya mbele na karanga zangu. Mzee usiogope, sisi panya tushachomwa kabla yako.

#3 Kamanda Mbishi
Jibu ni rahisi kuliko mnavyodhani. Wanaanza na wazima kwa sababu wazima wenye shida ya hela ni wengi. Tangazo limebandikwa wapi? Mtaa wa wahamiaji, bila shaka. Hao wenye majumba yao mbona hawatafutwi?

#4 Sister Nasra
Mzee Mkwaju shikamoo. Wanachotafuta kwako ni njia ya dawa. Dawa ya picha ikiingia mwilini haiendi kwenye uvimbe peke yake. Inapita ini, inachujwa na figo, inashuka kibofuni, nyingine inang'ang'ania kwenye uboho. Wasipojua mwili usio na ugonjwa unawaka wapi, siku wakimpiga picha mgonjwa kila kinachowaka wataita kansa.

Mfano ni hizi dawa za saratani ya tezi dume zinazotafuta PSMA, protini iliyo kwenye seli za tezi dume. Mpige picha mwanaume yeyote, utaona tezi za mate zinawaka, tezi za machozi zinawaka, mwanzo wa utumbo mwembamba unawaka, na figo ndiyo usiseme. Asiyejua ataiambia familia mgonjwa kaisha.

#5 Kamanda Mbishi
Sawa Sister. Swali moja tu: hiyo PSMA walianza na wazima?

#6 Fundi wa Isotopu
Hapo Kamanda ameuliza la maana. Nafanya kazi chumba cha dawa za nyuklia hapa Nairobi, kwa hiyo niruhusuni.

PSMA-11 yenye galiamu-68 ilianzia Heidelberg, Ujerumani, mwaka 2011, na waliochomwa kwanza ni wagonjwa. Sheria ya dawa ya kule inamruhusu daktari kutengeneza dawa kwa ajili ya mgonjwa aliye mikononi mwake, basi wao hawakungoja mtu. FAPI, ambayo haitafuti seli ya kansa yenyewe bali zile seli za nyuzinyuzi zinazouzunguka uvimbe, nayo ilitokea hapohapo Heidelberg. Mwaka 2019 walitoa picha za wagonjwa 80 wenye aina 28 za saratani. Ukilinganisha, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliidhinisha PSMA-11 mwezi Desemba 2020, na ruhusa ikaenda kwa vyuo viwili tu vya California, UCLA na UCSF.

Kwa hiyo Sister amesema kweli, lakini wazima si lazima. Kuna njia mbili na kila nchi inachagua yake.

#7 Sister Nasra
Sikusema lazima, Fundi. Nimesema wanatafuta nini.

#8 Kijana wa Sinza
Mimi nilisoma PET moja unapigwa siveti 7, na binadamu kwa mwaka anapata 2 na kidogo kutoka ardhini na angani. Yaani unalipwa nauli ya basi unapewa mionzi ya miaka mitatu. Mzee kaa nyumbani.

#9 Mwalimu Hesabu
MILIsiveti, kijana, sehemu ya elfu ya siveti. Siveti 7 mwili mzima kwa mkupuo tungekuwa tunaandaa sanda. FDG, ile sukari yenye mionzi inayotumika kwenye PET, ikiwa ya megabekereli 370 (kipimo cha mionzi iliyomo kwenye dawa) inatoa takriban milisiveti 7. Mionzi ya asili wastani wa dunia ni milisiveti 2.4 kwa mwaka.

Na hapo ndipo lilipo jibu langu kwa mzee, tofauti na la Sister. Jaribio la kwanza linataka kujua kila kiungo kinabeba mionzi kiasi gani. Ndiyo maana unalazwa mashineni mara kadhaa: picha ya dakika za mwanzo, ya saa moja, ya saa mbili na kuendelea. Wanachora mstari wa kila kiungo, unavyopanda na unavyoshuka, wanapiga hesabu. Ndiyo maana mkojo wako una thamani pia. Kwa dawa nyingi za aina hii kibofu ndicho kinachopata mionzi zaidi, hivyo wanakuambia kunywa maji na kwenda msalani bila kujibana. Mgonjwa ambaye ini limejaa uvimbe na figo zimechoka anaharibu hesabu hiyo.

#10 Kijana wa Sinza
Mwalimu, "mili" imeanguka njiani, hoja imefika salama. Miaka mitatu kwa siku moja ni miaka mitatu kwa siku moja.

#11 Mwalimu Hesabu
Hoja imefika imechechemea. Lakini umegusa jibu la swali la pili la mzee. Kansa inayoletwa na mionzi kidogo, kama ikija, inachukua miaka mingi, mara nyingi zaidi ya kumi, kujitokeza. Mtu wa miaka 22 ana muda wa kuipata. Mtu wa miaka 58... tusiendelee.

#12 Mzee Mkwaju
Mwalimu ahsante kwa kunihesabia siku zangu.

#13 Bibi Harusi wa Tandale
😂😂😂 Mzee wamekuchagua kwa sababu utatangulia kabla ya madhara. Hiyo fidia waidai watoto.

#14 Msoma Magazeti
Mnacheka, ila historia haicheki. Tafuteni habari za Thorotrast. Kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1950 ilikuwa dawa ya picha ya eksirei, imetengenezwa kwa thoriamu. Madaktari waliipenda sana kwa sababu picha zilitoka safi ajabu na mgonjwa anainuka kitandani hana hata kichefuchefu. Kumbe ile haitoki mwilini. Inakaa kwenye ini, wengu na uboho maisha yote, inatoa mionzi polepole. Miaka ishirini, thelathini baadaye watu wakaanza kupata saratani ya ini. Dawa ya kupigia picha ndiyo ikawa ugonjwa. Na waliochomwa nao waliambiwa ni salama.

#15 Kamanda Mbishi
KULENI CHUMA HICHO.

#16 Fundi wa Isotopu
Thorotrast ni kweli mia kwa mia, na kazini kwetu kila mgeni anasimuliwa. Lakini linganisha vinavyolingana. Thoriamu-232 nusu-maisha yake, yaani muda wa mionzi kupungua nusu, ni miaka bilioni 14. Florini-18 ni dakika 110. Piga hesabu ya saa 24: inagawanyika nusu mara 13, unabaki na sehemu moja kati ya 8,000 hivi, hata kama hujakojoa tone. Galiamu-68 ni dakika 68, hiyo jioni haipo.

Mzee, kabla ya yote waulize wanatumia isotopu gani, yaani atomu gani yenye mionzi. Wakikuambia florini au galiamu, hayo ndiyo maisha yake. Wakikuambia zirikoni-89, hiyo inapachikwa kwenye kingamwili zinazozunguka mwilini siku nyingi, nusu-maisha yake ni siku tatu na kitu, na mionzi unayobeba ni mikubwa zaidi. Usikubali kuambiwa "mionzi kidogo" halafu ukanyamaza. Omba namba.

#17 Kamanda Mbishi
Tuache mionzi. Dawa yenyewe je? London, Machi 2006, vijana sita wazima walichomwa dawa mpya kwenye hospitali ya Northwick Park, ndani ya saa chache wote sita wako mahututi, viungo vinagoma kimoja baada ya kingine. Ilikuwa TGN1412. Nayo ilipita kwa wanyama vizuri kabisa. Na ni hukohuko Uingereza kwa mzee.

#18 Sister Nasra
Hilo lilitokea, na walinusurika kwa shida, mmoja alipoteza vidole. Ila ile haikuwa dawa ya picha. Ilikuwa kingamwili ya tiba iliyokusudiwa kuamsha kinga ya mwili, na iliamsha kweli. Dawa ya picha haitakiwi kuamsha chochote. Kama inaleta badiliko lolote mwilini, imeshafeli.

#19 Mwalimu Hesabu
Kuongezea hapo kwa Sister: kuna kitu wanaita dozi ndogo mno. Mwongozo wa FDA wa Januari 2006, miezi miwili kabla ya kisa cha Kamanda, unasema dozi hiyo isizidi mikrogramu 100, na isizidi sehemu moja ya mia ya kiasi kinachoweza kuleta athari. Panadol moja ya miligramu 500 ukiigawa vipande 5,000, kipande kimoja ndiyo mikrogramu 100. Kwa sababu ni kiasi hicho, wanaruhusiwa kuingia kwa binadamu na vipimo vichache vya wanyama kuliko dawa ya tiba.

#20 Kamanda Mbishi
"Vipimo vichache vya wanyama." Mwalimu umejipiga mwenyewe, mimi nimekaa tu.

#21 Panya Buku
Hatimaye mtu anatutetea.

#22 Fundi wa Isotopu
Niwape nyingine ya ndani, mtoe povu vizuri. Dawa ya florini ikitoka kwenye mashine asubuhi tunaipima haraka haraka: rangi, iwe haina uchafu, asidi yake kwa kikaratasi, usafi wa kemia, sumu za bakteria, na kichujio tunakipulizia hewa kuona kama kimepasuka. Ila kipimo cha kuhakikisha hakuna mdudu hata mmoja aliyeota, kile cha kuotesha, kinachukua siku 14. Dawa itakuwa imekufa zamani. Kwa hiyo mgonjwa anachomwa leo, na majibu ya kwamba sindano ilikuwa safi yanakuja wiki mbili baadaye. Duniani kote ni hivyo, kwa dawa mpya na ya zamani.

#23 Bibi Harusi wa Tandale
Eti nini?

#24 Kijana wa Sinza
Fundi rudi hapa. Usikimbie.

#25 Fundi wa Isotopu
Sikimbii. Ndiyo sababu chumba chenyewe kinajengwa hivyo: hewa inachujwa, dawa inapita kichujio chenye matundu madogo kuliko bakteria, na anayeiandaa anajaribiwa mara kwa mara kwa kuandaa supu ya kuotesha vijidudu badala ya dawa. Supu ikichafuka, hagusi dawa ya mgonjwa. Ungetaka tungoje siku 14, kusingekuwa na PET.

#26 Ngalawa
Mimi swali langu ni lingine. Naona kila mwaka habari za dawa mpya ya picha "yaonyesha matokeo mazuri kwa panya". Zinaishia wapi? Hospitalini bado ni FDG ileile ya sukari, iliyochomwa kwa binadamu wa kwanza mwaka 1976.

#27 Mwalimu Hesabu
Agosti 1976, Philadelphia. Watu wawili wa kujitolea, wote wazima, mzee Mkwaju zingatia. Dawa ilitengenezwa maabara ya Brookhaven kule New York, ikapandishwa ndege. Na hao hawakuwa wakitafuta kansa. Walitaka kuona ubongo unavyotumia sukari. Kwamba uvimbe unakula sukari kwa pupa Otto Warburg alishaliona miaka ya 1920, lakini FDG ikaja kwa ajili ya ubongo, kansa ikaidandia baadaye.

Kuhusu panya, chukua kalamu. Panya wa maabara ana gramu 20. Wanamwotesha uvimbe wa gramu moja. Hiyo ni asilimia 5 ya mwili wake. Kwa mtu wa kilo 70 ungekuwa uvimbe wa kilo tatu na nusu. Uvimbe wa kilo tatu na nusu unahitaji PET?

#28 Panya Buku
Unahitaji toroli.

#29 Sister Nasra
Kuna sababu nyingine naiona ina uzito zaidi ya ukubwa. Uvimbe ule wa panya ni seli za binadamu zilizopandikizwa. Dawa nyingi, hasa za kingamwili, zinatambua protini ya binadamu tu. Kwa panya protini hiyo ipo kwenye uvimbe peke yake, mwili wake wote hauna, basi picha inatoka nyeusi tii na doa moja linalowaka. Ukija kwa binadamu, protini ileile ipo figoni, ipo matumboni, ipo kwenye tezi za mate. Lile doa linapotelea humo.

#30 Fundi wa Isotopu
Na wakati mwingine dawa haina kosa lolote ila haizidi ile iliyopo. FLT ilitangazwa mwaka 1998 kwa shangwe kubwa. Hii inafuata seli zinazogawanyika, watu wakasema FDG kwisha. Ilipofika kwa wagonjwa, ini linawaka, uboho unawaka, uvimbe wenyewe unawaka kidogo kuliko kwa FDG. Imebaki kwenye tafiti.

#31 Ngalawa
Mimi nadhani ni hela. Dawa ya presha mzee Mkwaju anameza kila siku hadi afe. Dawa ya picha anachomwa mara moja au mbili maishani. Kampuni gani itamwaga mamilioni hapo?

#32 Fundi wa Isotopu
Ungekuwa sahihi miaka kumi na tano iliyopita. Siku hizi zile molekuli zinazoonyesha uvimbe zinabebeshwa isotopu nyingine ya kuuchoma uvimbe huohuo, kwa hiyo picha imekuwa mlango wa kuuzia tiba. Hela imerudi.

#33 Shemeji wa Taifa
Nisimulie lililotupata sisi. Baba mkwe wangu alikuwa na saratani ya koo, akatibiwa, akapelekwa nje ya nchi kupigwa PET kuangalia kama imebaki. Picha ikarudi: kooni safi, lakini mapafu juu na tezi za kifuani zinawaka kama mji usiku. Tukaambiwa imesambaa. Mama mkwe akaanza kugawa vitu. Bahati daktari mmoja kijana akakataa, akasema hakuna dawa mpya kabla ya kukata kinyama kikapimwe. Kukatwa, ni TB. Alimeza dawa za TB miezi yake, na sasa hivi tunavyoongea yuko shambani anagombana na majirani kuhusu mpaka.

#34 Sister Nasra
Hili ndilo linalonikera kuhusu majaribio ya awali yote kufanyika Heidelberg, California au Melbourne. Seli za kinga zinazopigana na TB nazo zinakula sukari kwa pupa, FDG haitofautishi. Ukijaribu dawa kwa watu ambao TB kwao ni nadra, itaonekana ina macho makali sana. Ilete Mwanza uone.

#35 Kamanda Mbishi
Subiri. Mimi nalalamika tunafanywa panya, wewe unalalamika hatufanywi panya vya kutosha?

#36 Sister Nasra
Ndiyo, Kamanda. Hivyo hivyo ulivyosema.

#37 Msoma Magazeti
Pretoria wanafanya. Chuo Kikuu cha Pretoria pale Steve Biko wana PSMA miaka mingi, na kikundi cha Profesa Mike Sathekge kilishalinganisha wagonjwa weusi na weupe wa tezi dume, wakakuta uvimbe wa weusi unawaka zaidi. Jenereta za galiamu nazo zinatengenezwa hapohapo Afrika Kusini, iThemba LABS karibu na Cape Town.

#38 Fundi wa Isotopu
Jenereta ndiyo njia ya sisi maskini. Germaniamu-68 iliyo ndani ina nusu-maisha ya siku 271, unaiweka kona ya chumba, unapitisha asidi nyepesi, inatoka galiamu ya wagonjwa wachache, baada ya saa kadhaa unapitisha tena. Huhitaji saiklotroni, ile mashine kubwa ya kutengeneza isotopu. Hapa Nairobi Aga Khan wana saiklotroni yao, na hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta nao wana yao. Ukitaka kutoa florini hapa uipeleke mbali, hesabu dakika 110 kuanzia inapotoka kwenye mashine: barabara ya kwenda uwanjani, ukaguzi, ndege, ukaguzi tena, foleni. Ukipoteza saa tatu na dakika arobaini umebaki na robo.

#39 Kamanda Mbishi
Na huku Tanzania nani atakubali mtu mzima achomwe kitu kipya?

#40 Sister Nasra
Bagamoyo, miaka ya 2010, vijana wazima wa vyuo vya Dar walijitolea kuchomwa vimelea hai vya malaria kwa ajili ya utafiti wa chanjo. Walikubali wenyewe na kamati zikakubali. Kwa dawa ya picha yenye mionzi ungepita NIMR kwa maadili, TMDA kwa dawa, na Tume ya Nguvu za Atomiki kwa mionzi. Milango mitatu, ila yote ipo.

#41 Mzee Mkwaju
Wakuu nimerudi. Nimewapigia, wakanitumia fomu ya ridhaa, ni kitabu. Isotopu ni florini-18 na namba ya milisiveti wameandika, kwa hiyo Fundi nimekufuata. Mionzi imeacha kunisumbua. Kinachonisumbua sasa kiko ukurasa wa katikati: "Iwapo tutaona jambo lisilotarajiwa kwenye picha zako, tutamjulisha daktari wako." Unatakiwa utie saini kwamba umekubali.

Maana yake nikienda mzima naweza kutoka mgonjwa.

#42 Bibi Harusi wa Tandale
Ya mtu mzima yote yanaanzia hospitali. Wewe hukuwa na kitu mpaka ulipokwenda.

#43 Sister Nasra
Mzee, hicho kipengele ni cha heshima. Kibaya ni utafiti unaoona kitu ukakaa kimya.

#44 Mwalimu Hesabu
Sikubaliani moja kwa moja. Dawa ni mpya. Hakuna anayejua inavyowaka kwa mtu mzima, si ndiyo sababu wanamtaka mzee? Sasa kitu kikiwaka kwenye kongosho lake, nani atajua ni kansa, ni kovu, au ndivyo dawa yenyewe ilivyo? Watamkata kinyama kwa sababu ya dawa ambayo bado inajifunza. FAPI yenyewe inawaka kwenye makovu na viungo vyenye baridi yabisi.

#45 Shemeji wa Taifa
Lakini kama ni kansa kweli na imeonekana mapema? Baba mkwe yake ilionekana imeshafika pabaya.

#46 Mwalimu Hesabu
Basi aende kwa kipimo kinachojulikana. Jaribio la kwanza halipimi ugonjwa wa mtu, linapima dawa.

#47 Nyota ya Muscat
Naam, lakini CT, eksirei ya kompyuta inayopigwa pamoja na PET, ni kipimo kinachojulikana, na hiyo nayo huona mawe ya figo, uvimbe wa mapafu, mishipa iliyotanuka. Kaka yangu walimwona mshipa mkubwa wa tumbo umetanuka hivyohivyo bahati nasibu. Mzee Mkwaju, mkeo anasemaje?

#48 Mzee Mkwaju
Mke wangu kasema nikichomwa nilale sebuleni.

#49 Fundi wa Isotopu
Usiku mmoja tu, na hata huo si lazima. Mwambie nimesema mimi.

#50 Panya Buku
Fundi usimharibie mzee likizo yake.

#51 Ngalawa
Mmelitaja mara mbili hakuna aliyelieleza: kwa nini tezi za mate? Zina uhusiano gani na tezi dume?

#52 Sister Nasra
Protini ya PSMA ipo kidogo kwenye tezi za mate pia. Jina lake linasema ni ya tezi dume, hapo ndipo linapopotosha, haipo kwenye tezi dume peke yake.

#53 Fundi wa Isotopu
Ipo, ila ni kidogo mno kulinganisha na zinavyowaka. Ukitumia kingamwili inayotafuta PSMA ileile, tezi za mate haziwaki hivyo. Ukitumia molekuli ndogo zinawaka. Kwa hiyo wengine wanasema ni kemia ya hizo molekuli ndogo zenyewe, zinaingia kwa mlango mwingine tusioujua.

#54 Mwalimu Hesabu
Au zinanyonywa tu na tezi inayofanya kazi ya kutoa majimaji muda wote. Machozi nayo yanawaka.

#55 Fundi wa Isotopu
Mkipata jibu mniambie, kwa sababu kwenye tiba ndiyo inayowakausha watu midomo. Kuna waliojaribu kuwawekea wagonjwa barafu mashavuni, wengine wakajaribu vitu vingine, bado.

#56 Mama Zawadi wa Moro
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Mama yangu ana sukari, anatumia metformin, wiki ijayo ana PET ya FDG Nairobi. Wamesema asile saa sita kabla. Hakuna aliyetuambia kuhusu dawa zake.

#57 Fundi wa Isotopu
Mama Zawadi, piga simu kituoni leo, usingoje siku ya kipimo. Metformin inafanya utumbo unywe ile FDG, matumbo yanawaka yote, kitu kidogo kilichojificha humo hakionekani. Vituo vingi vinataka isimamishwe saa 48 kabla, lakini asiisimamishe kwa neno langu, aamue daktari anayemtibu sukari. Kama anachoma insulini waambie pia, wakupangie saa. Na mvalishe nguo nzito asubuhi hiyo. Akipata baridi, mafuta ya shingoni na mabegani yanawaka, na msomaji wa picha ataanza kukuna kichwa. Baada ya sindano atakaa saa nzima kwenye kiti, asitafune kitu, asipige simu, asisuke ukili.

#58 Mama Zawadi wa Moro
Ahsante. Kunyamaza saa nzima ndiyo mtihani, mama yangu huyu mnamsikia tu.